Mashine Isiyojijua

Jumatatu, 9 Juni

Siku kubwa. Shangazi anafungua duka la pili! Liko ng'ambo ya barabara, linatazamana na letu, na nyuma yake kuna vyumba viwili na jiko. Atakayelisimamia atakaa humo humo. Ametangaza akiwa na kadi za harusi ya watu mkononi, halafu akarudi kuzikata pembe kana kwamba hajasema kitu.

Wagombea ni wawili: mimi na Binamu, mtoto wa baba mdogo. Shangazi ni dada wa baba zetu na hana upendeleo. Anatugombeza sawasawa.

Niandike vizuri, nisije nikasahau. Duka letu ni la kuchapa: kadi, mitihani, barua za kuomba kazi. Wiki iliyopita Shangazi alinunua kompyuta mbili kuukuu kutoka ofisi iliyofungwa. Sipiyu mbili nyeusi, mapacha, moja chini ya meza yangu, nyingine chini ya meza ya Binamu. Fundi wa kompyuta alizisafisha, akaziwekea mfumo wa Linux, zikatoka sawa mpaka picha ya mlima kwenye kioo. Kazi zetu hazikai ndani yake. Zinakaa kwenye diski ya nje ambayo Shangazi huondoka nayo kila jioni. Kwa hiyo tofauti ni moja tu, stika ya mbele. Ya Binamu imeandikwa saba. Yangu tatu. Fundi anasema hiyo ndiyo prosesa, ubongo wa mashine, na kwamba saba na tatu ni kama lori na baiskeli.

Sasa ubaya wenyewe. Duka jipya litaanza na albamu ya shule, picha tele, kazi nzito. Kwa hiyo mashine yenye nguvu ndiyo itakayovuka barabara, na aliyekaa nayo tangu siku ya kwanza atavuka nayo. Ndivyo alivyosema Shangazi. Binamu akainama kutazama stika yake. Akainuka, akanitazama mimi. Akatabasamu.

Yeye ni kijana hana mke. Vyumba viwili vya nini? Atalala kimoja leo na kingine kesho?

Mimi naishi ukweni. Basi, nimeandika. Mimi na mke wangu tunalala chumba cha nyuma kwa mama mkwe, na ukuta kati yetu na yeye ni wa mbao nyembamba. Nikigeuka kitandani, anakohoa. Nikichelewa getini, anakohoa. Ni mwanamke mwenye afya njema kabisa. Anakohoa kwa maana.

Jioni wakati wa chakula aliniuliza, kwa upole, mipango yangu inaendeleaje. Nikamjibu kwamba vyumba vya duka jipya nimeshapewa. Sijui ilitokaje. Ilitoka tu. Mara ya kwanza tangu niingie nyumba hii, mama mkwe aliniongezea nyama.

Jumanne, 10 Juni

Nyama ile imenitokea puani. Mama mkwe amekwisha kumpa chumba chetu mtu mwingine! Fundi cherehani. Anahamia Jumapili na vyerehani vyake vyote, amekwishapima hata mahali pa kuviweka.

Mke wangu aliniita uani, penye mapipa ya maji, ambako kikohozi hakifiki. Akauliza kama ni kweli. Nikasema ni kama kweli. Akafunika pipa lililokuwa wazi. Halafu akasema kwa sauti ya chini, maana hata uani tumezoea sauti ya chini: "Mimi sihitaji duka. Nataka mahali ambapo nikicheka, hakuna anayekohoa."

Nimekuwa nayo sentensi hiyo kichwani siku nzima. Mke wangu alikuwa na kicheko. Nilimpendea hicho. Sasa anacheka kwenye mto.

Kwa hiyo lazima nishinde. Mpango ulikuwa rahisi: kubadili stika wakati wa chakula cha mchana. Ukucha wa kidole gumba nimekuwa nao mrefu kwa dharura kama hizi. Lakini Shangazi akaniwahi. Fundi wa kompyuta amemwambia stika si kitu cha kuamini. Shangazi mwenyewe akaongeza kwamba hata akijibandika usoni stika ya miaka ishirini, hakuna atakayeleta posa. Ijumaa, mbele yake na mbele ya Fundi, kila mmoja atafungua dirisha jeusi la amri na kuiuliza mashine yake ina prosesa gani. Mashine ijiseme yenyewe.

Akauliza kama tunajua kufanya hivyo. Binamu akasema atatafuta. Mimi nikasema nalijua hilo zamani.

Kwa nini nasema vitu kama hivi? Chanzo ni mwaka jana. Niligusa vitufe kwa bahati mbaya, dirisha jeusi likafunguka mbele ya mteja, na mteja akaniita injinia. Tangu siku ile mimi ni mtaalamu. Hakuna aliyewahi kudai ushahidi, na mimi sikuona haja ya kumsumbua mtu.

Jumatano, 11 Juni

Nimeamka na wazo tamu. Kama stika zinaweza kusema uongo, huenda yangu ndiyo mwongo! Huenda lori liko miguuni mwangu muda wote huu, limevaa namba ya baiskeli. Kinachotakiwa ni kuiuliza kimyakimya kabla ya Ijumaa.

Nikaenda nyuma ya duka kumpigia Fundi. Jirani yetu huko ni mchomelea vyuma, na leo alikuwa anasaga mageti. Fundi naye alikuwa juu ya pikipiki. Akataka kuniandikia hiyo amri kwa meseji. Nikakataa katakata. Meseji ni ushahidi, na Shangazi akiishiwa salio huazima simu yangu. Nikamwambia ataje herufi mojamoja, niandike kiganjani.

Akataja. El. Nikaandika L. Es. Nikaandika S. Hapo mashine ya kusagia ikalia, ikanyamaza, nikamsikia Fundi vizuri kabisa: si pi. Halafu: yu. Nikamaliza na U.

Kiganja changu kikasomeka hivi: L, S, si P, U. Nilimshukuru sana. Mafundi wengine wangeniacha niikanyage hiyo P, halafu wanicheke. Huyu amenitahadharisha bila hata kuombwa. Utu bado upo.

Nikarudi mezani, nikafungua dirisha jeusi (safari hii kwa makusudi), nikaandika lsu. Mashine ikajibu kwamba haijui amri hiyo. Nikaandika tena polepole. Haijui. Nikaandika kwa herufi kubwa, labda haisikii vizuri. Haijui. Nikakumbuka amri niliyowahi kuiona kwa mwanafunzi mmoja, whoami, yaani mimi ni nani. Hiyo ikakubali! Nikaiuliza mimi ni nani, ikajibu: shangazi. Nikaifunga haraka.

Nikampigia Fundi tena. Akauliza kama nimeandika kama alivyonitajia. Herufi kwa herufi, nikamwambia. Akafikiri kidogo, akasema basi huenda mashine yenyewe ina kasoro. Kumbe stika ilisema kweli. Ni tatu. Ni tatu dhaifu kiasi kwamba haina hata uwezo wa kujijua.

Na Binamu je? Mchana nilimwona ameandika kitu, amesogeza uso kwenye kioo, kisha amefunga dirisha upesi na kujipangusa jasho. Hakusema neno tena mpaka jioni. Anaificha furaha yake, mnafiki. Mtu aliyeona tatu hawezi kutulia vile.

Wakati wa kufunga, likatokea la ajabu. Umeme ulikatika, Shangazi akasema tuondoke, na Binamu akajitolea kubaki ili afunge duka. Binamu! Ambaye kila jioni hutoka mlangoni kabla ya kivuli chake! Nikamwachia kwa moyo mkunjufu. Afunge. Anayefunga jioni si lazima awe ndiye anayefungua asubuhi. Nikamwambia Shangazi kwamba kesho nitafungua mimi.

Alhamisi, 12 Juni

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama.

Nilifika kabla ya mfagiaji wa barabara. Nikajifungia ndani, nikapiga magoti, nikachomoa nyaya. Nikaiburuta sipiyu yangu mpaka kwa Binamu na ya Binamu mpaka kwangu. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ubongo ni mzito. Kitu kimoja kilinishangaza: nyaya za nyuma ya sipiyu yangu hazikuwa nilivyoziacha. Ya kipanya ilikuwa tundu la juu, na mimi huichomeka la chini. Nikaamua ni panya. Panya wa kweli, si yule wa waya.

Zikabaki stika. Nisingeweza kumwachia Binamu kasha lenye tatu, angelijua mara moja. Kwa hiyo birika la maji ya moto, mvuke, ukucha, gundi ya kadi za harusi. Saba nikaibandika kwenye lile nililompelekea yeye. Tatu nikaibandika kwenye hili nililolileta kwangu. Kwa macho ya mtu, hakuna kilichobadilika. Lori liko kwangu limejivika nguo za baiskeli. Nikasimama kujipongeza, na kiuno kikalia kwa sauti.

Binamu akaingia. Amepinda! Ameshika kiuno kwa mikono miwili, anatembea kama anatafuta sarafu. Nikajua aliniona na sasa ananiiga kwa kejeli. Nikamuuliza ana nini. Akasema amelala vibaya. Akaniuliza mimi nina nini. Nikasema nimelala vibaya. Tukakaa siku nzima tumenyooka kwenye viti, hakuna anayethubutu kuokota karatasi iliyoanguka. Shangazi alizunguka kati yetu akiziokota mwenyewe. Baadaye akaleta dawa ya kuchua, kopo moja kwa wote wawili, akasema kizazi hiki kimetengenezwa kwa karatasi.

Alipotoka kwenda benki, nikaijaribu mashine mpya. Lsu. Haijui amri hiyo! Jasho likanitoka mpaka kwenye dawa ya kuchua, ikawasha. Lakini nilitulia, nikawaza kama mtaalamu. Mashine imehamishwa asubuhi ya leo. Bado mgeni, haijazoea meza. Ikilala usiku mmoja itajijua.

Jioni mke wangu alinichua kiuno. Akauliza nimebeba nini. Nikasema karatasi. Akakishika kidole gumba changu, akautazama ukucha wenye gundi, akakirudisha. Akasema njia ya mwongo ni fupi. Nikamwambia vizuri, tutafika mapema.

Upande wa pili wa mbao, kikohozi.

Ijumaa, 13 Juni

Lazima niandike sasa hivi, kila kitu, kabla sijaanza kuamini kwamba niliota.

Shangazi alifunga mlango, akavaa miwani, akavuta kiti. Fundi akasimama nyuma yake, shahidi. Binamu akaomba kuanza. Alikuwa na uso wa mtu aliyekwisha kuchagua rangi ya mapazia. Akafungua dirisha jeusi, akaandika kitu haraka kiasi kwamba sikuweza kuibia jicho, akabonyeza. Kioo kikajaa mistari. Fundi akaweka kidole kwenye mstari wenye jina la prosesa na kuusoma wote. Namba ndefu, lakini mwanzo wake ulikuwa wazi.

Tatu.

Niliona rangi ikimtoka Binamu. Akasogea, akasoma mwenyewe, akasimama.

"Haiwezekani," akasema. "Juzi jioni nimeibeba kwa mikono yangu kutoka kwake!"

Shangazi akavua miwani.

"Umebeba nini?"

Hapo maji yakawa yamemwagika, na Binamu hakuwa na kitambaa. Alieleza yote akitazama sakafu. Jumatano mchana aliiuliza mashine yake, akaona tatu, ingawa stika ilisema saba. Akajua basi saba ni ile ya kwangu. Kwa hiyo alijitolea kufunga duka, akazibadilisha sipiyu, na stika pia, ili mimi nisijue. Fundi naye akajikuna shingo na kukiri kwamba siku ya kuosha makasha alizibandua stika zote mbili, na wakati wa kuzirudisha alikadiria.

Mimi nilikuwa napiga hesabu. Yeye alihamisha Jumatano jioni. Mimi nikahamisha Alhamisi asubuhi. Maana yake mashine yenye nguvu ilikuwa yangu tangu mwanzo, ikaibiwa, na mimi nikaiiba tena bila kujua kwamba ni yangu. Niliibeba kwa magoti usiku haujaisha, kumbe namrudishia mwenye mali!

Furaha ilidumu kama pumzi moja. Kwa sababu Shangazi aliuliza swali ambalo hata mimi ningeliuliza: kama Binamu aliibeba, mbona tatu bado iko kwake?

Fundi akasema labda tuitazame na ile nyingine kwanza. Wote wakageuka kwangu. Nikakaa. Nikanyoosha vidole kama mpiga kinanda. Nikaandika lsu.

Haijui amri hiyo.

Shangazi akauliza hicho ni nini. Fundi akainama, akasoma, akaniuliza P iko wapi.

"Si ulisema si P?" nikamwambia.

Sijawahi kuona mtu mzima akicheka vile. Alishika ukuta. Akajaribu kusema, akashindwa, akaonyesha kidole chini ya meza. Mwishowe ikatoka: si, herufi ya tatu ya Kizungu. C! Halafu P, halafu U. Si-pi-yu, kama tunavyoliita hilo kasha kila siku iendayo kwa Mungu, tulidhani ni jina la nani?

Nilidhani ni neno tu, kama redio. Sikusema hivyo. Nikaandika herufi zote tano, lscpu, nikabonyeza, nikafumba macho.

Saba.

Nilishusha pumzi mpaka karatasi za mezani zikapeperuka. Shangazi akamgeukia Binamu, akamuuliza aliibeba saa ngapi hiyo mashine. Binamu akasema jioni ile umeme ulipokatika. Akamulika na nini? Na simu, chaji ikamwishia katikati. Nikamwona anaanza kujitilia shaka mwenyewe. Labda aliziburuta zikakutana katikati, akarudisha ileile. Alisema hivyo kwa mdomo wake, mimi sikumsaidia hata kwa herufi moja.

"Hata kuiba hujui," Shangazi akamwambia. Akampa mashine ya kudurufu, meza iliyo mbele ya macho yake, mpaka atakapopenda yeye.

Nilitaka kusema kitu. Kweli nilitaka. Mdomo ulifunguka kiasi cha kupitisha hewa, halafu nikamkumbuka mke wangu na mto wake, ukafunga.

Walipotoka wote, Shangazi alibaki. Akalichukua lile kopo la dawa ya kuchua, akalizungusha mkononi.

"Mwenzio amebeba sipiyu, anaumwa kiuno," akasema. "Wewe unaumwa na nini?"

"Godoro la ukweni, Shangazi."

Akanitazama. Muda mrefu. Nilihesabu vyuma vyote vya dirishani. Kisha akatia mkono kwenye pochi, akatoa funguo, akaniwekea kiganjani palipokuwa pameandikwa L na S.

"Basi hama ukapate godoro lako. Funguo hizi ni za mkeo, baba. Wewe utakuwa unamwazima." Akafika mlangoni, akageuka. "Na gundi ya ukuchani huwa inatoka kwa mafuta ya taa."

Sijui kwa nini alilitaja la gundi. Wazee huchanganya mambo. La muhimu nimeokoka!

Jumamosi, 14 Juni

Tumehama. Godoro, ndoo, meza ya mguu mmoja mfupi, na sufuria ambayo mama mkwe alisema tuichukue tu. Akanishika mkono getini. Alionekana kupata nafuu kuliko hata mimi. Fundi cherehani alikuwa nje na vyerehani vyake, siku moja kabla, anasubiri tupishe.

Jioni mke wangu alifunga mlango kwa ufunguo. Akaufungua. Akaufunga tena. Tukakaa juu ya godoro maana viti havijafika, nami nikamsimulia habari ya P. Niliacha yale ya Alhamisi asubuhi, hayakuwa na umuhimu kwenye hadithi.

Akacheka. Mwanzoni akaziba mdomo kwa kiganja, mazoea. Halafu akakiondoa. Alicheka mpaka akaanguka ubavu, akainuka, akasema "si P," akaanguka tena. Nadhani walimsikia mpaka ng'ambo ya barabara. Tukanyamaza wote wawili, tukasikiliza. Hakuna aliyekohoa.

Nina raha. Naandika hivyo hivyo, bila pambo. Nina raha mpaka kiuno hakiumi sana.

Akaniuliza kitu kimoja tu kabla ya kuzima taa: hiyo karatasi niliyoibeba ilikuwa na stika? Nikajifanya nimesinzia.

Jumatatu, 16 Juni

Wiki moja, na nimejifunza mengi. Kwanza, mtu mwaminifu hulipwa. Pili, utaalamu haufichiki. Nimebandika tangazo mlangoni: TUNATAMBUA KOMPYUTA ZA AINA ZOTE. Mke wangu alilisoma, akaingia jikoni haraka, nikasikia kicheko. Ana furaha siku hizi, anacheka bila sababu.

Mteja wa kwanza amefika kabla ya saa nne. Mwalimu wa shule ile ya albamu, na kompyuta ya mkononi yenye Linux. Anataka kujua ina memori kiasi gani. Nikamwambia hilo ni jambo la dakika moja, aketi.

Nikatoka nyuma kumpigia Fundi. Alikuwa juu ya pikipiki. Akasema atanitumia meseji, safari hii afadhali iwe meseji. Nikakataa. Meseji ni ushahidi, na sasa mimi ni msimamizi, ndiyo kabisa. Nikamwambia ataje, nami nitasikiliza kwa makini kuliko mara ile. Akataja, kwa Kizungu kama kawaida yake: ef, ar, i, i.

Rahisi! Hakuna si hata moja ya kunichanganya. Nikaandika kiganjani F, R, I, I. Nikarudi, nikafungua dirisha jeusi mbele ya Mwalimu, nikaandika frii, nikabonyeza kwa madaha.

Haijui amri hiyo.

Nikaandika tena polepole, kisha kwa herufi kubwa. Haijui. Mwalimu akaniuliza kuna nini. Nikamweleza ukweli mchungu kwa upole, kama daktari. Mashine yake ni dhaifu. Imefika mahali haijijui tena. Nikamwambia aiache kwangu mpaka kesho, ilale usiku mmoja. Akanishukuru, akaondoka ameinamisha kichwa.

Alipofungua mlango nikaona kitu ng'ambo ya barabara. Shangazi amemwekea Binamu sipiyu nyingine, kubwa, inang'aa. Nilijifanya nafagia kizingiti ili niione vizuri. Stika yake imeandikwa tisa.

Tisa! Kwa kazi ya kudurufu!

Ufunguo wa duka la zamani bado ninao, Shangazi amesahau kuniomba. Ukucha umeanza kuota tena. Nimemwambia mke wangu kwamba kesho nitaondoka alfajiri, kuna karatasi za kubeba.

Kiuno kimepona kabisa.